Mabingwa wa Kubaki Palepale

Pale hotelini West Bay, jijini Doha, alikokuwa akisimama mlangoni kupokea wageni, Silvesta hakuitwa kwa jina lake. Walioanzisha jina lake la utani ni madereva wa Kiganda, lakini lilisambaa haraka mpaka jikoni, mpaka kwa meneja wa zamu: Bundesliga. "Bundesliga, gari la mgeni!" "Bundesliga, mizigo ya ghorofa ya kumi!" Na kila alipoitwa hivyo alihisi mtu amemtia kidole kwenye kidonda.

Mwanzoni alijaribu kuwaelewesha. "Sikucheza Bundesliga. Nilicheza Oberliga. Ni ligi ya tano." Akawaeleza kwamba Ujerumani kuna madaraja matatu ya nchi nzima, halafu mpira unagawanyika kimikoa: Regionalliga, chini yake Oberliga, chini yake nyingine na nyingine tena, hadi ligi za vijijini ambako kipa huja uwanjani na baiskeli na mwamuzi ni mwalimu wa shule. Wakacheka zaidi. Ligi ya tano! Basi hata wao wangecheza. Akaacha kueleza. Lakini hasira haikumwacha, kwa sababu katika ligi hiyo ya tano ndimo alimoachwa solemba, na kwa miaka mitano hakuwa amejua ni nani hasa aliyemwacha.

Alikuwa mtoto wa Kigarama, Bukoba. Mwaka 2012 dayosisi yao ya Kilutheri ilimpeleka kaskazini mwa Ujerumani, katika mji mdogo uitwao Hallenbrück, kujitolea mwaka mmoja na nusu katika nyumba ya wazee. Asubuhi aliwaogesha, mchana aliwalisha supu, jioni alikwenda kufanya mazoezi na klabu ya pale mjini, Eintracht Hallenbrück, kwa sababu mmoja wa wauguzi alimwona akipiga danadana uani na kumwambia nahodha wa timu.

Nahodha huyo aliitwa Tobias. Alikuwa fundi umeme, mrefu, mwenye nywele nyekundu, na ndiye aliyekuwa akimfuata Silvesta kwenye nyumba ya wazee kwa gari lake la kazi, wakaenda mazoezini wamekaa mbele huku nyuma nyaya na ngazi zikigongana. Alimfundisha Kijerumani cha uwanjani kabla ya kile cha mezani. Krismasi ilipofika alimpeleka kwao, mama yake akampa soksi za sufu alizozifuma mwenyewe, na Silvesta, ambaye hakuwa ameona theluji, alilala kwenye chumba alichokulia Tobias akajiona amepata ndugu.

Uwanja wenyewe ulikuwa na jukwaa moja la mbao na kibanda cha soseji. Mvua ikinyesha, goli la upande wa mtoni lilikuwa tope tupu. Mechi za ugenini walikwenda kwa magari yao wenyewe siku ya Jumapili. Lakini wazee wa mji walikuja bila kukosa, wamevaa mitandio ya kijani, na walipojua kwamba kijana huyu mwembamba kutoka Afrika anafumania nyavu kwa miguu yote miwili, walianza kuja mapema.

Timu ikashika uongozi wa ligi tangu vuli. Mwenyekiti wa klabu, Bwana Brandhorst, mfanyabiashara wa milango na madirisha, alimwita Silvesta pembeni na kumwambia maneno ambayo Silvesta aliyashika kama sala: Tukipanda Regionalliga, tutakuandikia mkataba wa mchezaji wa kulipwa, na kwa mkataba huo utapata kibali cha kuishi. Chini ya hapo sheria haikutambui. Kwa hiyo funga magoli, kijana.

Akafunga. Mwezi wa kwanza, ligi ikiwa imesimama kwa baridi, kocha wa klabu moja iliyokuwa tayari Regionalliga alifika mazoezini, akasimama kwenye baridi mpaka mwisho, kisha akamfuata Silvesta na kumwambia wanamtaka sasa hivi. Mkataba upo. Kibali kitashughulikiwa. Siku hiyo Silvesta alipanda gari la Tobias akiwa amechanganyikiwa kwa furaha. Tobias alizima injini. Hakuondoa gari.

"Usituache," alimwambia. "Umefika nasi mpaka hapa. Tunapanda pamoja mwezi wa tano, na hapa ni nyumbani kwako. Kule utakuwa mgeni tu."

Silvesta akamtazama, akaona macho yamemlowa. Kesho yake akampigia simu yule kocha akamkatalia.

Mwezi wa tano wakawa mabingwa. Mechi ya mwisho waliwafunga hao hao waliokuwa wakiwakimbiza kwenye nafasi ya pili, na goli la ushindi alilitia Silvesta kwa kichwa, akaangukia mgongo kwenye tope la upande wa mtoni, wenzake wote wakamlalia juu. Baadaye, kwenye chumba cha klabu, Bwana Brandhorst alipanda juu ya kiti, akainua glasi, akawashukuru mashabiki, wauza soseji na wafua jezi. Kisha akasema msimu ujao watautetea ubingwa wao katika Oberliga ile ile, kwani klabu haikuomba leseni ya Regionalliga, na bila leseni hiyo hata bingwa hapandi.

Silvesta alidhani hakusikia vizuri. Alidhani Kijerumani chake kimemwangusha. Akamwuliza Tobias, "Amesema nini?"

"Hatupandi," Tobias alisema, akiangalia sakafu. "Bodi imeamua. Na mimi ndiyo kwanza nasikia."

Timu waliyoifunga, iliyomaliza ya pili, ndiyo iliyopanda. Silvesta alimaliza muda wake kwenye nyumba ya wazee, akarudi Bukoba na medali na zile soksi. Kule nyumbani watu walimtazama kwa jicho la huruma lililochanganyika na dharau. Ilisemekana amefukuzwa. Ilisemekana mpira ulimshinda. Angemweleza nani habari ya leseni? Bingwa anapanda daraja, kila mtoto anajua hivyo. Ukisema ulikuwa bingwa na hukupanda, unaonekana mwongo. Akamchukia Bwana Brandhorst kwa moyo wake wote. Akaoa, akapata mtoto wa kiume, na mwaka 2015 akapata kazi Doha kupitia kwa wakala wa Dar es Salaam.

Miaka ilikwenda. Alilala chumba kimoja na vijana watano huko Al Mansoura, juu ya duka la kushona nguo. Rafiki yake wa karibu kati yao alikuwa Levis, Mkenya kutoka Vihiga, mbeba mizigo wa hoteli ile ile, mtu wa maneno mengi na moyo mweupe. Ni Levis peke yake aliyemsikiliza habari ya Oberliga mpaka mwisho bila kucheka. Alisema tu, "Huyo mwenyekiti siku akipita hapa, buda, mimi nitamwangushia suitcase kwa mguu."

Ikawa kama mzaha, mpaka Januari ya 2018.

Mwezi ule timu kubwa za Ulaya huja Doha kukimbia baridi na kujinoa kwenye viwanja vya nyasi laini, na nyuma yao huja mashabiki wenye uwezo. Basi lilisimama mbele ya hoteli asubuhi moja, wakashuka Wajerumani wa makamo, wamevaa kaptura na kofia, wakicheka kwa sauti. Silvesta alikuwa akishika mlango. Mmoja wao alimsukumia begi dogo mikononi bila kumtazama, na ni kicheko chake kilichomfanya Silvesta ainue uso. Kicheko cha mtu aliyepanda juu ya kiti.

Alikuwa amenenepa. Nywele zilikuwa zimemtoka. Lakini alikuwa yeye.

"Bwana Brandhorst," Silvesta alisema kwa Kijerumani. "Mimi ni Silvesta. Hallenbrück. Jezi namba tisa."

Mzee akatumbua macho, halafu akapiga kelele ya furaha iliyowafanya watu wageuke. "Silvester wetu! Njooni mwone! Huyu ndiye aliyetupa ubingwa!" Akamkumbatia. Akamvua kofia ya kazi, akajivika mwenyewe, akamwita mwenzake awapige picha. Silvesta alisimama ndani ya mkono ule mzito, begi la mzee bado amelishika. Picha ikapigwa. Nyingine ikapigwa.

"Nina swali moja," Silvesta alisema. "Nimekaa nalo miaka mitano. Kwa nini hukuomba leseni?"

"Mimi?" Mzee alishangaa kweli kweli, wala hakujifanya. "Kijana wangu, mimi nilitaka kupanda kuliko mtu yeyote! Ni wachezaji wenyewe waliokataa. Walipiga kura Desemba, pale klabuni, wakanyoosha mikono. Regionalliga ni safari za mbali, mechi za Ijumaa, mazoezi kila siku, na wao wana kazi zao na watoto. Tobias ndiye aliyesimama akasema tubaki tulipo. Nikasema, sawa, siwezi kuwaburuta."

"Desemba," Silvesta alirudia.

"Kabla ya Krismasi, ndiyo. Wewe ulikuwa zamu kwa wazee, nadhani. Na yule mchezaji mwingine wa kigeni, Mkameruni, alikuwa mgonjwa. Tobias akasema heri msiambiwe mpaka msimu uishe, msije mkavunjika moyo." Akampigapiga begani. "Na ona, alikuwa na akili! Tulichukua ubingwa!"

Akacheka tena.

Silvesta aliona mambo mengi kwa pamoja. Aliona Krismasi ile, soksi za sufu, mama akimkatia keki, na Tobias ameketi mkabala naye akijua. Aliona gari limezimwa injini katika baridi ya Januari, na yale macho yaliyolowa. Kocha wa Regionalliga alisimama kwenye baridi kwa ajili yake, na mtu ambaye tayari alishanyoosha mkono wake kukataa kupanda alimwambia, tunapanda pamoja.

Alilitupa lile begi chini. Likapasuka zipu, viatu vya mzee vikatoka vikateleza kwenye marumaru. Akautoa ule mkono begani kwake na kuanza kusema. Alisema kwa Kijerumani kwanza, kwa sauti iliyojaa ukumbi wote, kwamba alikuwa na miguu miwili na miaka ishirini na miwili, na wao walivitumia kama mtu anavyotumia ngazi, wakaiweka ngazi uani walipomaliza. Alisema hata mbwa wa mlinzi huambiwa mlango unapofungwa. Mzee alirudi nyuma, kofia ya Silvesta bado iko kichwani mwake, akisema, "Lakini ilikuwa ligi ya tano tu, Silvester, ligi ya tano!"

Hapo Kijerumani kikamwishia. Akaendelea kwa Kiswahili, na kilipoonekana hakitoshi akaendelea kwa Kihaya, na wageni wakasimama na vikombe vyao vya kahawa wakimtazama mtu aliyewafungulia mlango asubuhi kwa tabasamu.

Levis ndiye aliyemfikia kabla ya meneja. Akamshika kiunoni, akamvuta kuelekea mlango wa nyuma. "Poa, Silvesta. Poa kwanza. Watakufuta kazi, na huyo atapanda juu kulala."

"Walijua wote, Levis! Wote! Mimi peke yangu nilikuwa nakimbia kama mwehu!"

"Nimesikia. Hoteli nzima imesikia. Twende."

Hakufukuzwa. Bwana Brandhorst aliiambia hoteli kwamba hana malalamiko, kwamba kijana alizidiwa na hisia, na huruma hiyo ilimkera Silvesta kuliko barua yoyote ya onyo. Lakini meneja hakutaka tena kumwona mlangoni. Kampuni iliyomwajiri ikamhamishia Al Wukair, kwenye geti la makazi ya familia, ambako kazi ilikuwa kuinua kizuizi magari yakiingia na kukishusha yakishapita, jua likimpiga na vumbi la majengo mapya likimkaa kooni.

Ijumaa iliyofuata, chumbani Al Mansoura, wenzake wengine wakiwa wamekwenda sokoni, alimpigia Tobias. Walikuwa hawajaacha kuwasiliana. Kila Krismasi Tobias alituma salamu. Alipokea kwa shangwe, kama kawaida yake.

"Silvester! Habari za jua?"

"Mlipiga kura Desemba."

Levis, aliyekuwa akikatakata vitunguu, aliweka kisu chini ingawa hakuelewa hata neno moja.

"Nani amekuambia?"

"Usiniulize nani. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli." Tobias alivuta pumzi. "Mke wangu alikuwa mjamzito. Nilikuwa nimefungua kazi yangu mwenyewe. Ningesafiri vipi kila Ijumaa? Wenzangu wengi walikuwa hivyo hivyo. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Ningenyoosha mkono kama wewe," Silvesta alisema. "Hiyo ni haki yako, sikudai. Lakini Januari nilikaa kwenye gari lako. Ulijua mlango umefungwa, na kuna mtu alikuwa amenifungulia mwingine. Ukanizuia."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Ungeondoka, tusingekuwa mabingwa," Tobias alisema polepole. "Nilikuwa na miaka thelathini na mbili. Sikuwahi kushinda kitu maishani. Nilitaka mara moja tu."

"Bingwa wa kubaki palepale!" Silvesta alipiga kelele. "Umenichukulia maisha yangu ili upate kombe la kuweka kabatini! Na nilipokuuliza ukaniambia ndiyo kwanza unasikia!"

Tobias alianza kulia. Alisema samahani, akasema tena. Silvesta alisikiliza kilio kile na hakusikia huruma hata chembe. Akamwambia samahani ya kwenye simu haimfai. Kama anataka kusema, akaseme mbele ya wanachama wote, kwenye mkutano wa mwaka, wasimame wazee wa mitandio ya kijani wasikie goli lile lilifungwa na mtu aliyedanganywa. Akakata simu.

Ndipo akampigia mkewe, Milka, kumweleza. Milka alipokea akiwa jikoni, nyuma yake mtoto akiimba.

"Baba Tobias, umekula?"

Silvesta aliisogeza simu mbali na sikio. Alikuwa amempa mtoto jina hilo kwa mkono wake mwenyewe, kanisani Kigarama, na watu wakamwuliza jina gani hilo, akawajibu kwa fahari kwamba ni la ndugu yake wa Ujerumani. Tangu hapo mtaa mzima ulimwita hivyo.

"Usiniite hivyo," alisema.

Alipomaliza kumsimulia, Milka naye alikuwa amekasirika, lakini kwa namna yake. "Mimi huyo mtu simjui," alisema. "Nimjuaye ni huyu anayeimba hapa. Mtoto ana miaka mitatu, anajua jina lake, anaitika. Ukitaka kumchukia Mjerumani, mchukie. Mwanangu usimnyang'anye jina kwa sababu ya mpira."

"Kila nikilitamka naliona lile gari."

"Basi litamke mpaka usilione. Mimi sibadilishi."

Waligombana wiki nzima. Silvesta alijaribu kumwita mtoto kwa jina la ukoo, Kamugisha, lakini mtoto kwenye simu aligeuka nyuma kutafuta huyo Kamugisha ni nani. Milka akacheka, Silvesta hakucheka. Akarudi kwenye jina la Tobias, akalitamka kwa meno yaliyobana.

Mwezi wa tatu ujumbe wa sauti uliingia akiwa getini. Aliusikiliza zamu ilipokwisha, ndani ya basi la kampuni. Tobias alikuwa amerekodi mkutano wenyewe. Viti viliburutwa, mtu akakohoa, kisha sauti ya Tobias ikaanza. Alisema yote: kura, Krismasi, kocha wa Januari, gari. Hakujisafisha. Alipofika mwisho, mtu mmoja nyuma akasema, "Mungu wangu, ligi ya tano," na wengine wakacheka kidogo. Mzee mmoja akakemea, "Nyamazeni! Aliwafungia goli lile." Kisha ubishi, na Bwana Brandhorst akigonga meza akiomba ajenda inayofuata.

Silvesta aliurudia ule ujumbe mpaka kituo cha mwisho. Alichokitaka kilikuwa kimefanyika. Alisubiri kifua kilegee, hakikulegea. Kile kicheko kidogo kilimkaa sikioni. Usiku ule alimwambia Levis, "Amesema."

"Sasa umemsamehe?"

"Hapana."

Levis alimpa sahani yake ya ugali na maharage, akasema, "Sawa. Kula basi, hasira nayo inataka tumbo."

Kule Al Wukair walinzi na madereva walicheza mpira Ijumaa alasiri kwenye kiwanja cha mchanga kando ya majengo yasiyokwisha. Silvesta akaanza kwenda. Alicheza kwa ukali uliowatisha wenzake. Goti lilikuwa limeshaanza kumsumbua, lakini alikimbilia kila mpira kama aliyeibiwa. Wakamwomba awe nahodha. Akakataa. Hakutaka mtu yeyote amwamini kama yeye alivyomwamini nahodha wake.

Mkataba wake ulipokwisha mwaka 2019, alirudi Bukoba moja kwa moja. Akaanza kufundisha mpira katika shule moja ya sekondari, na wanafunzi wanasema ni mwalimu mkali asiyevumilia uongo hata wa mtu kusema kiatu kimembana. Mtoto Tobias, ambaye sasa alikuwa amefika umri wa kwenda shule, alikaa pembeni mwa uwanja akimtazama baba yake akipuliza filimbi.

Mwaka huo huo, karibu na Krismasi, Tobias mkubwa aliandika. Alisema ameacha unahodha wa klabu. Alisema amepata likizo na angependa kupanda ndege aje mpaka Bukoba, amwone uso kwa uso, amwone na mtoto anayebeba jina lake.

Milka aliusoma ule ujumbe juu ya bega la mumewe. "Mwache aje," alisema. "Ale chakula, aombe radhi, aondoke. Itakutoka."

Silvesta alikaa na simu mkononi mpaka chai yake ikapoa. Kisha akaandika neno moja la Kiswahili, ambalo Tobias angelazimika kumtafuta mtu wa kumtafsiria.

Usije.